Kudhoofika kwa mmepo mchanga

Kudhoofika kwa mmepo mchanga ni hali ya mti wa jenasi Acer uliopandwa miaka michache iliyopita kushindwa kukua vizuri. Majani yake huwa madogo au huungua kingoni, matawi hukauka kuanzia nchani, na vitawi vipya hurefuka kidogo tu kila mwaka. Hali hii huonekana sana Amerika ya Kaskazini na Ulaya, ambako mimepo hupandwa kwa wingi kando ya barabara, mbele ya nyumba na kwenye viwanja vya shule.

Mara nyingi mwenye mti hudhani kwamba ni ugonjwa, akanunua dawa au mbolea. Lakini katika mti mchanga chanzo cha kawaida zaidi kipo chini, kwenye mizizi na kitako cha shina: mti ulipandwa kwa kina kupita kiasi, mizizi yake inauzunguka na kuunyonga, au maji ni machache mno au mengi mno. Makosa haya yakigunduliwa katika miaka ya kwanza huweza kurekebishwa kwa koleo dogo la bustani na ndoo ya maji. Yakiachwa, mti unaweza kuishi miaka 10 au hata 20 ukionekana mzima, kisha ukafa au ukaangushwa na upepo.

Mti wenyewe

Jenasi Acer ina spishi zipatazo 130, nyingi zikiwa za Asia. Nyingine ni za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, na chache hufika milima ya Moroko na Aljeria. Kusini kwa Sahara hakuna mmepo wa asili. Spishi moja tu, Acer laurinum, huvuka ikweta huko Indonesia. Mmepo hutambulikana kwa majani yanayoota mawili mawili yakielekeana kwenye kitawi, na kwa matunda yenye mabawa mawili yanayozunguka hewani yanapoanguka. Jani lake limo katika bendera ya Kanada iliyoanza kutumika tarehe 15 Februari 1965.

Inayopandwa zaidi mijini ni mmepo mwekundu (Acer rubrum), mmepo-fedha (Acer saccharinum), mmepo-sukari (Acer saccharum), mmepo wa Norwei (Acer platanoides) na mmepo wa Japani (Acer palmatum), ambao ni mdogo na hupendwa katika bustani. Mmepo-sukari ndio unaogemwa utomvu wa kutengenezea sharubati. Lita 40 hivi za utomvu hutoa lita moja ya sharubati. Mti huo haugemwi mpaka shina lifikie unene wa sentimita 25 hadi 30, na hapo huwa umeshafikisha miaka 40 hivi. Kwa hiyo anayeupoteza mmepo wa miaka mitano hawezi kuufidia kwa kwenda dukani tu.

Kwa familia za wasemaji wa Kiswahili waliohamia Kanada na kaskazini mwa Marekani, mmepo mara nyingi ni miongoni mwa miti ya kwanza wanayoikuta mbele ya nyumba. Tabia yake ya kubaki bila majani kwa miezi mitano au zaidi huweza kumchanganya aliyezoea miembe na miarobaini. Mti usio na jani hata moja mwezi wa Januari haujafa, umelala.

Kwa nini mti mchanga huwa hatarini

Mimepo mingi inayouzwa huko hukuzwa kitaluni kwa miaka kadhaa, kisha hung'olewa pamoja na bonge la udongo linalofungwa kwa gunia na wavu wa waya. Katika kung'olewa huko mti hupoteza sehemu kubwa ya mizizi yake. Kwa miti mikubwa kiasi, inaweza kuwa zaidi ya tisa ya kumi. Mizizi ya mti kwa kawaida hutambaa mbali kupita kivuli cha matawi, na mingi ya ile myembamba inayonyonya maji huwa katika sentimita 30 za juu za udongo. Bonge linalobebwa kwenye gari haliwezi kuichukua yote.

Mti ukishapandwa, majani ni yale yale lakini mizizi ya kuyanywesha imebaki kidogo. Miaka ya kwanza hutumika kujenga mizizi upya, na juu hukua kidogo sana. Hali hiyo huitwa mshtuko wa kuhamishwa, nayo si ugonjwa. Kanuni inayotumiwa na watunza miti wa maeneo ya baridi ya Amerika ya Kaskazini ni kwamba mti huhitaji mwaka mmoja hivi kwa kila sentimita 2.5 za unene wa shina ili ushike vizuri. Unene huo hupimwa sentimita 15 juu ya ardhi. Mmepo wenye shina la sentimita 5 utahitaji kama miaka miwili, na wa sentimita 10 kama miaka minne. Katika maeneo ya joto, kama Florida, muda huo ni mfupi zaidi kwa sababu mizizi hukua karibu mwaka mzima.

Miti iliyokuzwa ndani ya chombo haipotezi mizizi kwa kiasi hicho, lakini ina hatari yake. Mzizi unaogonga ukuta wa chombo hugeuka na kufuata ukuta, ukazunguka na kuzunguka. Jambo hili linajulikana kwa yeyote wa Afrika ya Mashariki aliyechelewa kuhamisha mche wa mwembe au mparachichi kutoka kwenye kiriba: akikichana, hukuta mizizi imejisokota kama kata ya kubebea ndoo. Mzizi uliojisokota haunyooki wenyewe baada ya kupandwa. Huendelea kunenepa ukiwa katika duara lile lile.

Dalili zinavyosomwa

Majani ndiyo huonwa kwanza, ingawa ndiyo yanayodanganya zaidi. Kingo zinazokauka na kuwa kahawia huku katikati ya jani kukiwa bado kijani humaanisha kwamba maji hayafiki mwisho wa jani kwa kasi ya kutosha. Sababu yaweza kuwa ukame, upepo mkali, mizizi michache, au chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Lakini yaweza pia kuwa maji mengi: mizizi iliyozama kwenye udongo uliojaa maji hukosa hewa, hufa, na majani huungua vile vile kana kwamba mti una kiu. Mtu asiyegusa udongo huongeza maji, na hapo ndipo mti unapomalizika.

Majani kuwa mekundu au manjano mwezi wa Julai au Agosti, wakati mimepo mingine bado ni kijani, ni dalili ya taabu na si uzuri wa mapema. Likibadilika tawi moja au upande mmoja tu, uchunguzi uelekezwe kwenye mizizi iliyo chini ya upande huo.

Ushahidi wa kuaminika zaidi kuliko majani uko kwenye vitawi. Kila mwaka tumba la nchani linapofunguka huacha alama za mikunjo myembamba inayozunguka kitawi kama pete. Umbali kutoka nchani hadi pete ya kwanza ni ukuaji wa mwaka huu. Kutoka pete hiyo hadi inayofuata ni wa mwaka jana, na kuendelea hivyo. Kitawi cha mmepo mchanga wenye afya huweza kurefuka sentimita 30 au zaidi kwa mwaka. Ikiwa miaka mitatu iliyopita kilirefuka sentimita 35, uliofuata 15, na mwaka huu 4, basi tatizo halikuanza wiki iliyopita na halikuletwa na joto la juzi. Kinyume chake, mti uliopandwa mwaka jana wenye ukuaji mfupi kwa mwaka mmoja tu huenda hauhitaji kitu zaidi ya maji na subira.

Kujua kama tawi liko hai, gome hukwaruzwa kidogo kwa ukucha au kisu. Chini yake pakiwa kijani na unyevunyevu, tawi liko hai hata kama halina majani. Pakiwa kahawia na pakavu, jaribio hurudiwa chini zaidi, kuelekea shinani, hadi pale kijani kinapoanzia.

Kitako cha shina

Uchunguzi wenye faida kuliko wote hufanywa kwa kupiga magoti. Shina la mti uliopandwa sawasawa hupanuka linapokaribia ardhi, na mwanzo wa mizizi mikuu huonekana au hufikiwa ndani ya sentimita chache za udongo. Sehemu hiyo ndiyo kitako cha shina. Shina likiingia ardhini limenyooka kama nguzo ya umeme, kitako kimezikwa.

Kosa hili ni la kawaida kuliko wengi wanavyodhani, na si lazima liwe la aliyepanda. Kitaluni udongo huweza kurundikana juu ya mizizi wakati wa palizi, au mche kuhamishiwa chombo kikubwa na kuzamishwa zaidi kila mara. Mnunuzi hupokea bonge ambalo kitako kimo ndani, sentimita 10 au 15 chini ya uso wake. Akipanda kwa kulinganisha uso wa bonge na uso wa ardhi, kama anavyoelekezwa mara nyingi, mti unakuwa tayari umezama.

Gome la shina halikuumbwa kukaa katika unyevu wa udongo, na mizizi iliyo chini mno hukosa hewa. Mti hujaribu kujiokoa kwa kuotesha mizizi mipya juu, kwenye sehemu ya shina iliyofukiwa. Mizizi hiyo mara nyingi haielekei nje, bali huzunguka shina. Shina na mzizi vyote vikiendelea kunenepa, hubanana, na mishipa inayopeleka chakula mizizini na maji majanini hupondeka. Mimepo, hasa mmepo wa Norwei na mmepo mwekundu, ina sifa mbaya katika jambo hili. Dalili ya nje ni upande mmoja wa shina kuwa bapa penye ardhi, bila kupanuka kama pande nyingine.

Matandazo nayo huzika kitako. Desturi ya kurundika vipande vya mbao kuzunguka shina mpaka ukafanyika mlima wenye mti katikati imeenea katika miji ya Marekani, na watunza miti hawachoki kuikemea. Matandazo ni kitu kizuri. Ubaya ni kuyagusisha shina.

Ili kuchunguza, udongo na matandazo huondolewa polepole kuzunguka shina kwa koleo dogo na vidole, kuanzia shinani kwenda nje, mpaka mzizi mkuu wa kwanza uonekane. Mizizi myembamba kama nywele inayokutwa njiani si mizizi mikuu. Wataalamu hutumia bomba la hewa yenye mgandamizo linalopeperusha udongo bila kukata mizizi, lakini kwa mti mdogo mkono unatosha. Kazi hii ni ya nusu saa hivi, na inashangaza ni watu wangapi hununua dawa mbili au tatu kabla ya kuifanya.

Maji na udongo

Udongo huchunguzwa kwa kuchimba shimo dogo la sentimita 15 hadi 20 kando ya bonge, na jingine ndani ya bonge lenyewe. Mara nyingi hali hutofautiana: udongo wa nje una unyevu lakini bonge ni kavu kabisa, kwa sababu bonge lilikuzwa katika mchanganyiko mwepesi na mizizi yote bado imo humo. Mvua nyepesi au mashine ya kunyunyizia nyasi hulowesha juu tu. Ndiyo maana mmepo uliopandwa majuzi huweza kufa kwa kiu katikati ya bustani ya kijani.

Kipimo kinachotumiwa sana ni lita 4 hadi 6 kwa kila sentimita 2.5 za unene wa shina kila mara mti unapomwagiliwa, yaani lita 8 hadi 12 kwa shina la sentimita 5. Maji hutolewa polepole juu ya bonge. Wiki mbili za kwanza humwagwa kila siku, kisha kila baada ya siku mbili au tatu mpaka mwezi wa tatu, halafu mara moja kwa wiki hadi mti ushike. Ratiba hiyo ni mwongozo tu. Udongo wa mfinyanzi huhitaji maji mara chache zaidi kuliko wa kichanga, na kidole kilichoingizwa ardhini kina mamlaka kuliko kalenda.

Udongo usiopitisha maji hupimwa kwa kuchimba shimo la sentimita 30, kulijaza maji, kuyaacha yazame, kisha kulijaza tena. Maji yakiwa bado yamesimama siku ya pili, mahali hapo hapafai kwa mmepo-sukari, ambao hauvumilii kabisa mizizi iliyojaa maji. Mmepo mwekundu na mmepo-fedha huvumilia zaidi, kwa kuwa asili yao ni pamoja na mabonde na kingo za mito.

Jani kuwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani ni jambo jingine. Katika mmepo mwekundu na chotara wake na mmepo-fedha (Acer × freemanii), hiyo kwa kawaida ni dalili ya upungufu wa manganisi. Madini hayo huwa yamo udongoni, lakini udongo wenye pH ya juu ya 7 huyashikilia katika hali ambayo mizizi haiwezi kuyachukua. Udongo wa namna hiyo ni wa kawaida katika nyanda za kati za Marekani, na pia kando ya nyumba mpya ambako vifusi vya saruji na chokaa vilifukiwa. Mbolea ya kawaida haisaidii. Kipimo cha udongo katika maabara hufanywa kwanza. Kisha salfa huweza kutumika kushusha pH taratibu, au manganisi kuwekwa udongoni au kudungwa shinani na mtaalamu. Nafuu ya kudunga hudumu miaka michache tu, kwa kuwa udongo haujabadilika.

Majeraha ya gome

Mmepo mchanga una gome jembamba. Mashine ya kukata nyasi, hasa ile ya uzi unaozunguka, hulichana kwa sekunde moja na kuharibu tabaka hai lililo chini yake. Jeraha likizunguka shina lote, mizizi hukosa chakula na mti hufa, pengine baada ya mwaka mmoja au miwili kwa kuwa mizizi ilikuwa na akiba. Majira ya baridi panya na sungura hutafuna gome na kufanya madhara yale yale; silinda ya wavu wa waya wenye matundu madogo, iliyowekwa mbali kidogo na shina, huwazuia.

Upande wa kusini-magharibi wa shina hupata madhara ya pekee. Jua la mchana wa baridi hulipasha gome mpaka seli zake kuamka, kisha usiku joto hushuka ghafla na kuziua. Gome la upande huo hupasuka au kubanduka majira ya kuchipua. Kitambaa au karatasi nyeupe ya kufungia shina huwekwa majira ya kupukutika na kuondolewa majani yanapoanza kutoka. Kamba za kuegemeza mti kwenye nguzo nazo huondolewa baada ya mwaka mmoja, la sivyo hukata shina kama kitanzi.

Magonjwa na wadudu

Ugonjwa unaoogopwa zaidi ni mnyauko unaoletwa na kuvu Verticillium dahliae. Kuvu huyo huishi udongoni, huingia kwa mizizi na kuziba mishipa ya maji. Tawi moja au upande mmoja wa mti hunyauka ghafla katika joto, upande mwingine ukiwa mzima. Tawi lililonyauka likikatwa na gome kubanduliwa, mbao ya nje huwa na michirizi ya rangi ya kijani-kijivu. Dawa ya kuuponya mti haipo. Baadhi ya miti hupona yenyewe kwa kujenga pete mpya ya mbao nje ya ile iliyoziba, ikipewa maji ya kutosha na matawi makavu yakikatwa. Kuvu huyo huyo hushambulia nyanya, viazi na biringani, na huweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10. Hivyo mmepo uliopandwa mahali palipokuwa bustani ya nyanya unastahili kutazamwa kwa jicho la pekee.

Miongoni mwa wadudu, mbawakawa Chrysobothris femorata hupenda mimepo iliyopandwa karibuni na yenye kiu, akitaga upande wa shina unaopigwa na jua. Funza wake hutoboa njia chini ya gome na huweza kulizunguka shina dogo lote. Mti unaomwagiliwa vizuri hauvamiwi kwa urahisi.

Mbawakawa wa Asia mwenye pembe ndefu, Anoplophora glabripennis, ni shauri zito zaidi. Yeye hushambulia hata miti yenye nguvu. Aligunduliwa Brooklyn, New York, mwaka 1996, Chicago mwaka 1998, na Worcester, Massachusetts, mwaka 2008. Huko Worcester na vitongoji vyake miti zaidi ya 30,000 ilikatwa ili kumzuia, na mitaa iliyokuwa na kivuli cha mimepo ikabaki wazi. Alama yake ni tundu la mviringo kamili lenye upana wa karibu sentimita moja, linaloweza kuingia penseli. Anayeliona hatakiwi kujitibia mti wala kusafirisha kuni zake. Hutakiwa kutoa taarifa kwa idara ya kilimo ya eneo lake. Chicago ilifaulu kummaliza, na mwaka 2008 ilitangazwa kuwa huru.

Kwa upande mwingine kuna mambo yanayotisha macho tu. Madoa makubwa meusi kama matone ya lami, yanayoletwa na kuvu wa jenasi Rhytisma, na vinundu vyekundu vya utitiri juu ya majani ya mmepo-fedha, haviui mti. Majani yaliyoanguka hufagiliwa, na hakuna kingine cha kufanya.

Uokoaji

Kitako kikiwa kimezikwa kwa sentimita chache, udongo wa ziada huondolewa kwa duara pana na kuachwa hivyo. Kikiwa kimezama sana, na mti umekaa mwaka mmoja au miwili tu, ni bora kuung'oa mapema majira ya kuchipua kabla ya matumba kufunguka, au majira ya kupukutika baada ya majani kuanguka, kisha kuupanda upya kwa kina kinachofaa. Shimo huwa na upana mara mbili au tatu ya bonge, lakini halizidi kimo chake, ili mti usididimie baadaye. Wavu wa waya na gunia huondolewa angalau kwenye nusu ya juu ya bonge.

Mzizi unaonyonga hukatwa kwa mkasi wa kupogolea au patasi, pale unapotokea na pale unapoishia. Ukiwa umekwisha kuzama ndani ya gome, hukatwa ncha zote mbili na kipande kilichobaki huachwa kioze, maana kukingofoa hujeruhi shina. Ikiwa mizizi inayonyonga ni mingi, haikatwi yote kwa siku moja. Hugawanywa kwa misimu miwili au mitatu.

Matandazo huwekwa upya kwa unene wa sentimita 5 hadi 10, kwa duara pana kadiri nafasi inavyoruhusu, yakiacha wazi kiganja kimoja kuzunguka shina. Nyasi ndani ya duara hilo huondolewa, kwa sababu hushindania maji na huleta mashine karibu na gome. Dawa za magugu ya majani mapana zisitumike karibu, kwani mizizi ya mmepo huzinyonya na majani hujikunja kama kikombe.

Matawi yaliyokufa hukatwa. Yaliyo hai huachwa hata kama yana sura mbaya, kwa kuwa majani yake ndiyo yanayolisha mizizi mipya. Mmepo ukikatwa mwishoni mwa majira ya baridi hutiririsha utomvu kwa siku kadhaa. Jambo hilo huogopesha lakini halidhuru. Vidonda havipakwi rangi wala lami. Alex Shigo (1930–2006), mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani, alipasua maelfu ya miti na kuonyesha kwamba mti hauponyi kidonda kama mnyama, bali hujenga kuta za ndani zinazotenga sehemu iliyoharibika. Rangi haisaidii ujenzi huo, na huweza kuhifadhi unyevu unaopendwa na kuvu.

Mbolea ya naitrojeni ndiyo kishawishi kikubwa. Hulazimisha majani mapya kwenye mti usio na mizizi ya kuyanywesha, na chumvi zake huzidisha ukavu. Kwa mti ulio katika mshtuko hutolewa tu ikiwa kipimo cha udongo kimeonyesha upungufu.

Muda wa kupona na uamuzi wa kupanda upya

Baada ya marekebisho, mmepo hauonyeshi mabadiliko mwaka huo huo. Majani yaliyoungua hayarudi kuwa kijani. Kinachotazamwa ni urefu wa vitawi katika mwaka wa pili na wa tatu, pamoja na ukubwa wa majani mapya. Mti ambao zaidi ya nusu ya matawi yake yamekauka, au ambao gome lake limekufa kuzunguka zaidi ya nusu ya shina, mara chache hurudia umbo zuri, hata usipokufa.

Mti ukiondolewa, shimo huchunguzwa kabla ya kupanda mwingine, maana ndilo linaloeleza kilichotokea: mizizi iliyosokotana, maji yaliyosimama, vifusi vya saruji. Palipokuwa na mnyauko wa Verticillium hupandwa misonobari au miti mingine ya jamii yake, ambayo haiambukizwi. Pasipo na ugonjwa huo mmepo huweza kupandwa tena, na hapo mti mdogo hufaa kuliko mkubwa. Mche wenye shina la sentimita 2.5 huwa umeshika baada ya mwaka mmoja hivi na kuanza kurefuka, wakati ule wa sentimita 10, uliogharimu mara nyingi zaidi, ungali ukijenga mizizi kwa miaka mitatu mingine.